Sura ya Saba: Mnazi Aliokunywa Baba Mbele ya Kamera

Jumamosi ile nilijipaka wanja mara mbili na mara mbili nikaufuta. Sikutaka Mwaura anione nimejipamba kwa ajili yake, na sikutaka vilevile anione nimechakaa. Miaka minne nilikuwa nikimwona kwenye simu tu, na mtu wa kwenye simu hana harufu wala joto. Mwishowe nikavaa gauni langu la kijani, nikajitupia leso begani, nikamfuata baba mdogo Ngumbao hadi Malindi. Njia nzima nilijifanya natazama maduka.

Wengine kesi zao huamuliwa na hakimu. Yangu ilikuwa inakwenda kuamuliwa na sinema.

Nieleze, maana hata mimi mwenyewe nikiisimulia huona kama nimeitunga. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa Dedan Mwaura alishuka Kilifi na kamera mbili, kutoka Nyahururu kwa njia ya Nairobi, kutengeneza filamu aliyoiita *Mke wa Mgema*. Mimi nilikuwa nikipokea wageni katika hoteli moja ya Kikambala. Alikuja kuulizia vyumba, akanitazama, akasahau alichokuwa anauliza.

"Madam," akasema, "umewahi kuigiza?"

"Kila siku. Si unaona ninavyowachekea wageni?"

Akacheka mpaka akakaa. Wiki mbili baadaye nilikuwa bibi harusi wa filamu yake, na mwezi haujaisha nilikuwa mpenzi wake. Sijui hadi leo ni lipi lililoanza moyoni.

Sehemu ya posa ilipigwa picha kwetu Mavueni, uani kwa baba. Mwaura alikataa waigizaji wa kukodi. Alimtaka baba yangu mwenyewe, Mzee Ziro, awe baba wa bibi harusi, na bwana harusi akawa Jefwa, mgema wa kijijini kwetu, kwa kuwa alijua kupanda minazi na alikuwa na mabega ya kutazamika. Kwetu Wagiriama watu wa mume huja na kadzama, kibuyu cha mnazi, tembo la posa, na baba humuuliza bintiye mbele ya watu: tunywe, tusinywe? Akijibu kunyweni, na wakanywa, basi huyo ameshaposwa. Anayeweza kuufuta mnazi huo ni yule aliyeuleta, wala hakuna mwingine.

Nilimwonya Mwaura. Nilimwambia, "Tia maji ya dafu humo kibuyuni. Mnazi wa posa hauchezewi." Akasema maji yataonekana usoni mwa wazee, kwamba mtu anayekunywa maji hakunji uso. Jefwa akasema mnazi atauleta yeye, na malipo hataki. Tukamsifu kwa ukarimu wake, wajinga sisi.

Baba akaniuliza. Nikasema kunyweni. Baba akanywa, Mwaura akasema kata.

Filamu ilikuwa itoke Aprili ya elfu mbili na ishirini, na ikishatoka Mwaura angekuja na wazee wake kuniposa kweli. Corona ikafunga majumba ya sinema, ikafunga hoteli yetu, ikafunga hata njia ya kuingia Kilifi. Septemba baba akafariki. Matanga hayajaondolewa, wazee wa Jefwa wakaja kuuliza ni lini watamchukua mke wao.

"Ilikuwa filamu ile," nikawaambia.

"Filamu yenyewe iko wapi?" wakauliza.

Sikuwa na la kuwaonyesha. Kwa miaka mitatu jibu langu likawa hilo moja: ngojeni itoke, mtajionea. Na sasa ilikuwa imetoka. Mwaura na wenzake walikuwa wamezikusanya filamu zilizokosa ukumbi wakati wa corona, wakawa wanazunguka nazo mji hadi mji ili nazo zipate kuonwa na watu waliokaa pamoja gizani. Malindi walipewa siku mbili. Baba mdogo akasema ataitazama. Akiona ni mchezo, Jefwa ataufuta mnazi wake na mimi nitakwenda na Mwaura. Jefwa alikubali mbele ya wazee bila kubishana.

Tulimkuta mlangoni pa ukumbi, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Jefwa. Umetangulia."

"Nimekuja na gari la saa tano." Akanigeukia. "Kahonzi, hujambo?"

"Sijambo."

Akanipa chupa ya maji, baridi. Jefwa hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye shida yangu. Angekuwa mlevi au mgomvi ningelala usingizi. Alipokufa baba, majirani wakiogopa hata kuukaribia mlango wetu, ni yeye aliyekuja na jembe lake asubuhi na kuchimba kaburi, peke yake, mpaka saa saba. Nilimshukuru kwa machozi ya kweli. Lakini shukrani si mapenzi, na mimi moyo wangu nilikuwa nimeshautoa.

Ukutani palikuwa na picha ya tangazo la filamu. Ilikuwa ile ile ya zamani, ila juu ya tarehe wamebandika kipande cha karatasi nyeupe. Gundi ilikuwa imeachia upande mmoja, na chini yake *Aprili 2020* ilisomeka vizuri tu.

Kisha nikamwona. Alikuwa akitoka ndani na waya mkononi. Amekonda, na nywele za kando ya masikio zimeanza kuingia mvi. Akaniona naye, na ule waya ukamtoka. Sijui tulitazamana muda gani. Najua tu kwamba Jefwa alijiondoa kando akasoma tangazo ambalo alikuwa ameshalisoma.

"Umekuja," Mwaura akasema.

"Nimeletwa na kesi."

Akacheka kidogo, akakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia baba mdogo. "Wewe ndiye mwenye picha?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Imechelewa sana."

"Ni corona, mzee."

"Corona iliondoka zamani, kijana." Baba mdogo akaingia ndani kutafuta kiti.

Mwaura akanisogelea. Alikuwa bado ananukia sabuni ile ile ya kipande.

"Leo tunamaliza hii maneno, Kahonzi," akasema kwa sauti ya chini. "Mjomba wangu nimekuja naye. Ako Kilifi, anangoja tu nimpigie simu. Akisikia ni sawa, kesho tuko Mavueni."

"Kweli umekuja naye?"

"Kweli. Nimechoka kukupenda kwa simu."

Nikainama ili asiyaone macho yangu. Ningesema nini? Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne.

Ukumbi ulijaa. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa mablanketi, mapangaboi yakizungusha joto lile lile. Tukakaa safu ya tatu, baba mdogo katikati, Jefwa kulia kwake, mimi kushoto. Mwaura akasimama mbele kuwasalimu watu.

"Hii filamu ilikuwa itoke wiki mbili baada ya majumba kufungwa," akasema. "Nataka niwaambie kitu. Juni ya huo mwaka kuna watu walitaka kuinunua waiweke kwa mtandao, muitazame kwa simu zenu nyumbani. Walinibembeleza. Nikakataa. Nikasema hapana, hii itaonwa ukumbini, hata ikinichukua miaka kumi."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, mara mbili tatu, ndipo mikono ikasimama yenyewe. Juni. Juni baba alikuwa hai. Alikuwa anakaa uani jioni akinitania kuwa hoteli imefungwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikila chakula chote. Filamu ingetoka Juni, hata kwenye kisimu kidogo, wazee wa Jefwa wangeiona, na baba angekuwapo kusema kwa kinywa chake kama alikuwa anacheza au hachezi.

Nikajiambia, Kahonzi, nyamaza, leo ni siku ya furaha. Taa zikazimwa.

Sitaisimulia filamu yote. Ilikuwa nzuri, hilo silikatai, watu walicheka na kuguna pale palipostahili. Nilikuwa najitazama kama natazama mdogo wangu. Halafu kikatokea kiwanja chetu, mlango wetu wa bluu, na mbele yake baba, mzima, ameketi na kofia yake. Baba mdogo akavua kofia yake.

"Ndugu yangu," akasema. "Ndugu yangu huyo."

Nikamshika mkono. Kwenye kitambaa cheupe Jefwa akaingia na kibuyu, akakiweka chini, akapiga goti. Baba akaniuliza, sauti imejaa ukumbi mzima, "Binti yangu, hawa unawajua? Tunywe, tusinywe?"

Kamera ikanijia usoni. Uso wangu ulikuwa mkubwa kuliko ukuta wa nyumba. Nikainua macho, na hayakumtazama Jefwa aliyepiga goti. Yalimpita juu ya bega, yakaenda kwa mtu aliyekuwa nyuma ya kamera, yakatulia huko, na midomo ikatabasamu yenyewe.

"Kunyweni, baba," nikasema.

Mwanamke mmoja nyuma yetu akavuta pumzi, akasema, "Jamani, huyu anapenda!"

Baba akachukua kibuyu. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, wahenga wetu, midomo ikitembea. Siku ile nilikuwa nimesimama mbali, sikusikia alichosema, nilidhani anafuata karatasi ya maneno ya filamu. Kwenye karatasi bibi harusi aliitwa Sidi. Lakini walikuwa wamemfichia kinasa sauti kifuani, na sasa sauti yake ikatoka, ya taratibu, ya mtu anayezungumza na watu anaowajua.

"Enyi wa kwetu, huyu ni Kahonzi, Kahonzi binti Ziro. Ninamtoa mwenyewe, macho yangu yangali yanaona. Mwangalieni. Asirudi kwangu analia."

Akanywa, akakunja uso, akatabasamu.

Mkono wa baba mdogo ulikuwa bado ndani ya wangu. Sikumtazama, wala sikumtazama Jefwa. Nililia bila sauti mpaka taa zikawashwa, na watu wakasimama kushangilia.

"Tutakuwa nje," baba mdogo akasema. "Ukiwa tayari, njoo utuambie."

Nilimkuta Mwaura nyuma ya kitambaa, katika chumba kidogo walimorundika viti. Alikuwa anajifuta uso kwa shati, anacheka na kulia.

"Umeona?" akasema. "Kahonzi, umeona watu? Wamelia!"

"Baba alisema Kahonzi."

Kicheko kikamwisha.

"Kwenye karatasi ilikuwa Sidi," nikasema.

"Najua. Mimi ndiye niliandika."

"Ulisikia lini?"

Akachukua kiti, akakirudisha. "Si tukae kwanza..."

"Mwaura, ulisikia lini?"

"Ile siku," akasema. "Ile ile siku. Nilikuwa na hedifoni masikioni."

"Na ukasema kata."

"Nilisema safi, tumepata."

"Kwa nini hukusema turudie?"

"Haingerudiwa!" Macho yake yakawaka. "Mtu hawezi kusema vile mara mbili. Nilisikia mwili wote umesisimka, nikajua hiyo ndiyo filamu yenyewe. Ningemwambia arudie angesema Sidi, na ingekufa."

"Ulijua anamwoza mtoto wake."

"Nilidhani ni uzee. Nilidhani amechanganya majina."

"Baba yangu alijua majina ya mbuzi wake wote, hadi waliokwisha kuliwa. Usinidanganye leo, Mwaura. Ulijua?"

Ng'ambo ya kitambaa watu walikuwa wakisogeza viti na kucheka.

"Nilijua," akasema.

"Ungeniambia siku ile. Ningekwenda kwa baba nikapiga magoti, nikamwambia si huyu baba, ni yule mwenye kamera. Angecheka! Angemwita Jefwa na kibuyu chake, wakayamaliza siku ile ile. Baba alinipenda, angenipa hata wewe mwenye Kiswahili kibovu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba atasema tuitoe hiyo sehemu."

"Na angesema mwitoe, ungeitoa?"

Akatazama viti. Mungu wangu, kama angesema ndiyo, hata kwa uongo, ningemwamini. Ningemrukia shingoni pale pale na kusahau kila kitu.

"Na Juni?" nikauliza. "Uliwakataa wale watu, nami miaka mitatu nikakaa na wazee uani kila Jumapili nikiwaambia ngojeni, ngojeni."

"Nilikuwa naifanya kwa ajili yetu. Nije kwenu nikiwa mtu, si mtu wa filamu iliyotupwa kwa simu. Nilitaka nije na jina, Kahonzi."

"Nani alikuomba jina?"

"Wazee wenu..."

"Wazee wetu walikuomba mnazi na mguu wa kuuleta! Basi! Filamu niliitaja kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi. Mimi sikuwa naingoja filamu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Njia zilifungwa."

"Zilifunguliwa Julai. Baba nilimzika Septemba."

Akaja akanishika kifundo cha mkono, kidole gumba juu ya mshipa, kama alivyokuwa akifanya Kikambala nikimaliza zamu. Sikuutoa mkono. Nilimpenda. Nisijifanye shujaa hapa, nilimpenda hata dakika ile, na hilo ndilo lililouma.

"Nimekosa," akasema, machozi yanamdondoka. "Nimekosa sana. Lakini bado tunaweza. Nenda kwa baba mdogo umwambie neno moja tu: nilikuwa naigiza. Neno moja, tuko huru."

"Nikisema nilikuwa naigiza, maombi ya baba yanakuwa nini?"

"Kahonzi..."

"Ndiyo baraka pekee aliyonipa kabla hajafa, Mwaura. Hakuna nyingine. Unataka niseme ilikuwa mchezo?"

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikatoka.

Nje jua la alasiri lilinipiga usoni. Watu wa onyesho la pili walikuwa wameshaanza kujipanga, vijana kwa wazee, wengine na watoto wao. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kibaraza, kofia magotini. Jefwa alikuwa amesimama karibu naye, mikono nyuma. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imeshanichagulia la kusema. Nitakwenda kwa Jefwa. Nitampikia, nitamzalia, nitamsahau mtu wa kamera.

"Haya, mwanangu," baba mdogo akasema. "Ndugu yangu nimemsikia. Yeye hakuwa anacheza. Sasa nakuuliza wewe. Ulikuwa unaigiza?"

"Sikuwa naigiza, baba."

"Basi..."

"Ngoja, baba," Jefwa akasema. Alikuwa hajawahi kumkata mzee maneno maisha yake yote. "Anasema kweli. Hakuwa anaigiza. Nimeona."

"Umeona nini?" nikamuuliza.

Akanitazama, na ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama vizuri mtu yule. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Siku ile jua lilikuwa usoni mwangu," akasema. "Nilikuona umetabasamu, nikadhani wanitazama mimi. Miaka minne nikipanda mnazi, nikishuka, najua kwamba uliniangalia hivyo. Ndiyo sababu nilingoja. Nilisema, anaona haya tu, atazoea. Leo nimeyaona macho yako makubwa vile. Yalinipita, Kahonzi. Hayakusimama kwangu hata kidogo."

"Jefwa, nilikuwa nakuja kukwambia kwamba nitakwenda nawe."

"Najua. Watoka huko ndani umekasirika, hata kipofu aona." Akatikisa kichwa. "Mimi si mahali pa kukimbilia. Nilikupenda, nilitaka unitazame vile. Basi."

"Kijana," akasema baba mdogo kwa upole, "fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri, baba. Mnazi niliouleta nimeufuta. Mbele yako nimeufuta. Na mimi sikudai kitu." Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Kwangu hakuunyosha mkono. "Nikipata gari sasa nitawahi ugemaji wa jioni. Kwaherini."

Akaondoka, mabega yake mapana, shati la pasi limelowa mgongoni. Nilingoja ageuke. Hakugeuka.

Baba mdogo akavaa kofia yake. "Basi, mwanangu," akasema. "Uko huru."

Neno hilo nilikuwa nimeliota miaka mitatu. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyopiga kigelegele nikilisikia. Nikakaa kwenye kibaraza nikalia, na baba mdogo asijue la kufanya, akawa ananipigapiga mgongoni.

"Kahonzi!" Mwaura alitoka mbio. Akanitazama, akamtazama mzee, akatafuta kwa macho aliko Jefwa. "Imekuwaje? Ameenda?"

"Ameufuta mnazi wake," baba mdogo akasema. "Hana neno."

"Ameufuta? Kabisa?" Uso ukamfunguka wote, ule uso niliompendea. Akapiga magoti mbele yangu vumbini. "Kahonzi, umesikia? Imeisha! Sasa nampigia mjomba." Simu ilikuwa tayari mkononi. "Nitakuomba msamaha kila siku ya maisha yangu. Kila siku, nakuapia. Niangalie."

Nikamwangalia. Palikuwa na vumbi kwenye nyusi zake. Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimevunjika, na bado mkono wangu ulitaka kuyapangusa yale mavumbi. Ulikuwa umeshainuka. Kumi na tano, labda ishirini, ndizo hatua zilizokuwa kati yetu na barabara. Angenishika mkono tukaondoka vile vile, ningekwenda, nami ningejua kwamba baba amesikika kwa koma.

"Mwaura!" Mwenzake alikuwa mlangoni pa ukumbi, anapunga mkono. "Watu wameingia, wamejaa! Wanakungoja useme!"

Mwaura akageuka. Ilikuwa mara moja tu, kitu cha kufumba na kufumbua. Akautazama ule mlango, watu wakiingia mmoja mmoja, kiza cha ndani kikiwapokea, na nikaona jinsi alivyoutazama. Niliyajua macho yale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuyaona usoni pangu, makubwa kuliko ukuta wa nyumba.

Akanirudia. "Dakika kumi," akasema. "Niwasalimie tu, nirudi. Si unajua wametoka mbali. Dakika kumi, Kahonzi. Tafadhali ningoje."

"Nenda," nikamwambia. "Watu wasikungoje."

Akanibusu kiganja, akaenda mbio, mwenye furaha kama mtoto, na kiza kikampokea naye. Nikasikia makofi.

Nikasimama, nikajifunga leso yangu vizuri kiunoni.

"Twende nyumbani, baba."

Baba mdogo akatazama mlango, akanitazama. "Humngoji?"

"Nimeshamngoja," nikasema.